Ukurasa wa Sitini na Moja

Kwa wiki tisa nilimpelekea mwalimu wangu habari ileile mbaya, asubuhi baada ya asubuhi, naye kila asubuhi aliipokea kama ndiyo kwanza anaisikia. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanionea huruma kabla hajajua nilichofanya. Hasira zangu ziko karibu, wote wanaofanya kazi nami wanajua, lakini sikuwahi kuitwa katili mpaka binti yake aliponiita hivyo. 

Mwalimu alikuwa mtu wa hisabati. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, na sasa nafundisha katika idara ileile, ofisi ya tatu kutoka ngazini, ile yenye dirisha lisilofunga vizuri. Wenzake walimwita Mzee Mafundo, kwa sababu maisha yake yote alishughulika na jambo moja tu, mafundo ya maumbo. Mimi aliniita Pilipili tangu mwaka wangu wa pili chuoni, siku nilipomwambia mbele ya darasa zima kwamba mfano wake wa ubaoni una kosa. Ulikuwa na kosa kweli. Aliufuta, akaninyooshea chaki, akasema, "Haya, Pilipili, njoo uurekebishe wewe." Tangu hapo hatukuachana.

Acha nieleze fundo ni nini, maana bila hilo yaliyotupata hayataeleweka. Chukua uzi, utupe mezani. Sehemu kubwa umelala vizuri. Ukiweka kidole popote unajua unaelekea wapi. Lakini kuna mahali umejikata wenyewe, vipande viwili vimepita kwenye nukta moja, na ukiulizwa pale uzi unaelekea wapi unabaki kukodoa macho, kwa kuwa majibu ni mawili. Mahali pengine umechongoka ghafla kama mwiba. Nukta kama hizo ndizo tunazoziita mafundo. Kazi yetu ni kuyafumua bila kukata uzi. Unauinua uzi kutoka mezani, pale kwenye nukta mbaya, kila kipande unakipandisha kimo chake kufuatana na upande kinakoelekea, ndipo vile vilivyobanana vinaachana. Ukisimama juu ukachungulia chini, unauona uzi uleule wa mwanzo. Hakuna kilichopotea.

Neno hilo la kufumua alilitoa nyumbani kwake. Marehemu mkewe alikuwa fundi wa nguo, na binti yao wa pekee alirithi cherehani na chumba cha mbele cha kushonea. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Uzi ni kazi ndogo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaufumua kabla ya chai ya saa nne. Taabu iko kwenye maumbo makubwa zaidi, ambayo ukifumua fundo moja, linakuzalia jingine palepale. Kwa hiyo kila fundo hupewa namba, na namba hiyo Mwalimu aliiita ukaidi. Ukifumua, ukaidi unatakiwa ushuke. Ukishuka kila mara, basi iko siku utafika chini kabisa na fundo litakuwa limekwisha, kwa sababu namba nzima haiwezi kushuka milele. Kwa namba za kawaida jambo hili lilithibitishwa zamani. Lakini kuna namba za mzunguko, zinazohesabiwa kama saa ya ukutani, ukifika mwisho unarudi sifuri. Katika ulimwengu wa mbili, moja na moja ni sifuri. Katika ulimwengu wa tatu, moja mara tatu ni sifuri. Huko ukaidi una tabia za ajabu. Unashuka, unashuka, halafu ghafla unaruka juu. Kwa maumbo ya vipimo vinne, katika dunia hizo, hakuna aliyewahi kufika mwisho.

Mwalimu alisema amefika. Alitumia miaka kumi na tisa na kurasa mia moja na arobaini. Moyo wa kazi yote ulikuwa ukurasa wa sitini na moja, ambao ulidai kwamba ukaidi ukiruka juu hatua moja, ni lazima kabla ya hapo uwe umeshashuka hatua mbili au zaidi. Apandaye moja baada ya kushuka mbili, mwisho wa safari yuko chini tu.

Idara yetu ina desturi yake. Hakuna ukurasa unaotoka chumbani kabla haujasainiwa na msomaji ambaye si mwandishi. Kidole kimoja hakivunji chawa, alikuwa akisema Mwalimu, na desturi hiyo aliianzisha yeye. Msomaji hukaa peke yake na ukurasa, mwandishi anafukuzwa nje hata awe na cheo gani, kisha msomaji anatia herufi zake chini kwa penseli. Ukurasa wa sitini na moja niliusoma mimi. Nilipewa siku tatu. Nilijaribu mifano katika ulimwengu wa tatu, wa tano na wa saba, yote ikakubali bila ubishi. Ulimwengu wa mbili una hesabu ndefu, chafu; kujumlisha na kutoa huko ni kitu kimoja, kila ukigeuka kitu kinafutana na kingine. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hakika. Nikaandika pembeni, "na mbili vivyo hivyo," nikasaini.

Kazi ikapelekwa kwenye jarida. Miaka miwili ikapita bila barua, na katika miaka hiyo miwili Mwalimu akaanza kusahau. Kwanza funguo, kisha majina ya majirani, kisha kwamba mkewe alifariki. Daktari alisema ya zamani yatabaki kwa muda lakini ya leo hayatakaa. Ikawa hivyo hasa. Hesabu zake zote alikuwa nazo, kurasa mia na arobaini angeweza kukusomea kwa moyo, ila ukimuuliza asubuhi amekula nini, anakuuliza wewe.

Kisha msomaji mmoja wa jarida akaleta swali dogo kuhusu ukurasa wa hamsini na nane. Nilikaa kulijibu mwenyewe, na ili nijibu vizuri nikaona nifanye mfano mmoja katika ulimwengu wa mbili. Nilianza asubuhi. Saa nane mchana nilikuwa naukodolea macho mstari wa mwisho. Ukaidi ulishuka moja, ukapanda moja. Nilirudia mara nne. Nilibadilisha kalamu, kana kwamba kosa lilikuwa la kalamu. Mara ya nne nilikwenda kunawa uso, nikarudi, na fundo lilikuwa palepale, linanitazama.

Asubuhi ya pili yake nilikwenda nyumbani kwake. Fundi alinifungulia mlango, akaniambia amekwisha kunywa chai na yuko vizuri leo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha kushonea: kitanda, meza, viti viwili, na ubao mdogo alioupigilia ukutani tangu siku alipostaafu.

"Pilipili! Barua imekuja?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Barua?"

"Bado. Lakini kuna jambo. Ukurasa wa sitini na moja."

Nilimwekea karatasi zangu tatu mezani. Alisoma kama alivyosoma siku zote, kidole chini ya mstari, midomo imefungwa. Kupitia ukuta nilisikia cherehani ikienda na kusimama. Mwisho wa karatasi ya pili kidole kilisimama. Kikarudi juu. Kikashuka tena, kikasimama palepale.

"Umeshuka moja," akasema.

"Ndiyo."

"Ukapanda moja."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu vilevile tena, Mwalimu. Hauishi."

Alivua miwani. Nilikuwepo siku walipomzika mkewe, na uso ule sikuuona siku ile.

"Nani alisaini?"

"Mimi."

Nilimweleza yote, ulimwengu wa tatu, wa tano, wa saba, na yale maneno yangu ya pembeni. Nilingoja anitukane. Ningekuwa mimi ningetukana. Yeye alitazama mikono yake, akasema, "Miaka kumi na tisa." Baadaye akasema, "Kunywa chai yako, itapoa. Kesho tuanze upya."

Kesho yake nilifika na daftari jipya. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, amenyoa ndevu.

"Pilipili! Barua imekuja?"

Nilidhani nikimkumbusha kidogo atakumbuka yote. Hakukumbuka kitu. Nikamwekea karatasi zilezile mezani, kidole kikatembea, kikasimama, kikarudi. Miwani ikavuliwa. Nani alisaini? Mimi.

Ningeweza kuishia hapo. Mtu mwingine angeishia. Mimi nilijipa sababu, na mwenye kutafuta sababu haachi kuipata. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kutomvumilia mtu anayesema kitu kimethibitishwa kabla hakijathibitishwa. Kumficha ni kumdharau. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jingine. Katika saa ile baada ya kuvua miwani, Mwalimu alikuwa mzima. Maumivu yalimwamsha. Alisimama, akaenda ubaoni, akaanza kulizungukia kosa kwa akili ileile iliyonifundisha, na mimi nilikuwa nyuma yake na daftari. Nilikuwa nataka liponywe kabla hajaondoka kabisa. Nilitaka alirekebishe yeye, kwa kuwa mimi peke yangu sikuweza.

La tatu ni la aibu. Kila siku aliuliza nani alisaini, na kila siku jibu lake kwangu lilikuwa tofauti. Siku ya nne alirusha chaki, ikapasuka mlangoni. Siku ya saba alicheka mpaka akakohoa: "Wewe! Wewe uliyenikosoa mbele ya watoto wa watu, hili ndilo ukaliachia?" Siku ya tisa alinishika mkono, akasema, "Nilikupa siku tatu kwa ukurasa uliostahili mwezi mzima. Kosa ni langu, Pilipili." Nilitoka mle ndani nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, nikasimama njiani nikanunua machungwa. Siku ya kumi nilikwenda nikitumaini atasema vilevile. Hakusema. Alisema hakuwahi kuona uvivu kama ule, na alikuwa na haki.

Siku ya kumi na moja alisimama ubaoni, akageuka ghafla.

"Tunalipima fundo peke yake. Hapo ndipo tunapokosea. Kila tulipofumua pamebaki alama, kama nguo ikifumuliwa mshono hubaki na vitundu vya sindano. Zile alama zinaingia katika fundo linalofuata. Zihesabu nazo!"

Aliandika mistari sita. Mistari ilikuwa safi, na mimi niliinakili mmoja mmoja. Alikuwa kijana. Naapa alikuwa kijana. Alianza mstari wa saba, akaweka alama ya usawa, akasimama. Alitazama ubao, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Nani kaandika haya?"

Basi nikawa naufuata mstari wa saba. Nilikuwa nafika saa tatu, naondoka saa sita na daftari langu, nakwenda ofisini kuangalia nilichopata. Wakati mwingine nusu mstari. Wakati mwingine sikupata kitu ila uso wake.

Wiki ya tano, nikiwa natoka, Fundi aliniita kwenye chumba cha kushonea. Alikuwa na pini tatu mdomoni na gauni la mtu mapajani.

"Dada, kaa."

Nilikaa juu ya rundo la vitambaa. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko cha kitambaa alichokifunga mkononi.

"Unajua anafanya nini ukishaondoka?"

"Anapumzika."

"Anapumzika!" Alicheka bila furaha. "Anakaa kwenye kiti kile machozi yanamtiririka. Namuuliza, baba, unalia nini? Ananiambia, sijui, mama, kuna jambo baya limetokea, sijui nani kafa. Namwambia hakuna aliyekufa. Anatulia kidogo, anauliza tena. Mpaka jioni. Habari inamtoka, dada, huzuni inabaki. Na wewe hujawahi kuiona, maana saa sita umeshachukua begi lako."

"Ni kazi yake. Ana haki ya kujua."

"Ameshajua. Mara ngapi sasa?"

Nilikuwa najua ni mara ngapi, nilikuwa naandika tarehe.

"Akiniuliza mama yuko wapi," akasema Fundi, "namwambia amekwenda kumpelekea mteja nguo. Mwaka mzima sasa mama yuko kwa mteja huyo. Unadhani ulimi wangu hauoni haya? Lakini anatabasamu, anasema mwambie asichelewe, na tunakula. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe unamjia na makaratasi, unamvunja, unaokota unachokitaka, unaondoka. Ni katili wewe, dada. Mwambie barua imekuja. Mwambie wamekubali. Mara moja tu, tuone."

Sikulala vizuri, na asubuhi nilikwenda bila karatasi.

"Pilipili! Barua imekuja?"

"Imekuja, Mwalimu," nikasema. "Wamekubali."

Alisimama na mikono yote miwili juu ya meza. Kisha akaita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi, "Mama! Mama, njoo!" Cherehani ikanyamaza. Fundi akaja mbio, na baba yake akamkumbatia akiwa bado na futi ya kitambaa shingoni, wakayumba wote wawili katikati ya chumba. Nilimwona Fundi akilia begani kwake. Nikajiambia, mpumbavu wewe, kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Mwalimu akakaa, akafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Na ukurasa wa sitini na moja, walisemaje?"

"Hawakusema kitu."

"Hata swali moja?"

"Hata moja, Mwalimu."

Furaha ilimtoka taratibu, nami niliiona ikitoka. Akatikisa kichwa.

"Basi hawakuusoma."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Kwa sababu ningekuwa mimi, pale ndipo ningeanzia. Kwenye mbili. Wewe uliandika vivyo hivyo, nikauona mwandiko wako, nikajua hukufanya. Nikatamani iwe vivyo hivyo. Nilikuwa nimechoka, Pilipili. Nikauacha."

Fundi alinitazama, kisha akaangalia sakafu. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yangu haikufika hata mlangoni. Siku nzima ile, aliniambia Fundi baadaye, Mwalimu alikuwa mezani anaandika barua kwa jarida kuwasihi wausome ule ukurasa. Aliandika barua moja mara sita, kila mara akisahau kwamba ameshaiandika.

Kwa hiyo uongo haukumfaa, na ukweli ulikuwa unamuua kidogo kidogo. Nilijua pia sasa kwamba hatia haikuwa yangu peke yangu, tulikuwa tumeigawana bila kuambiana, na badala ya kunituliza jambo hilo lilinipa uchungu zaidi. Niliiandikia idara, nikaliandikia jarida, nikaiondoa kazi kwa jina langu na lake. Hapo hakukuwa tena na barua ya kusubiri. Ningeweza kuacha. Nilirudi na karatasi zangu. Fundi alikuwa ananifungulia mlango na kurudi kwenye cherehani yake, na mimi nilikuwa napita kwa kuinamisha kichwa kama mwizi anayejulikana.

Alikuwa anashuka. Sijui kusema vinginevyo. Mistari sita ikawa minne, minne ikawa miwili. Ile saa yake ya uzima ikawa nusu saa, ikawa dakika kumi. Wiki ya nane alivua miwani, akauliza nani alisaini, na kabla sijajibu akauliza kama mvua imekatika. Mvua haikuwa imenyesha. Niliandika tarehe na alikofika, kama kawaida.

Siku ya arobaini na moja hakuuliza barua.

"Karibu, mama," aliniambia, kama mtu anavyomkaribisha mgeni mwenye adabu asiyemfahamu. Alikuwa ameketi dirishani na blanketi magotini. Mtu mwema angekunywa chai, akamuuliza hali, akaaga. Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea, amenifungulia mwenyewe. Mimi nikafungua begi. Nilitaka mara moja tu tena. Nilitaka mstari mmoja, au matusi, au chaki irushwe mlangoni.

Nilimwekea karatasi mapajani. Kidole kikaanza kutembea chini ya mistari. Nilishangaa kwamba bado kiliweza. Karatasi ya kwanza, karatasi ya pili. Mwishoni kikasimama, kikarudi juu, kikashuka, kikasimama palepale. Nikaushika ukingo wa kiti.

Macho yake yaling'aa.

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Tazama. Umeshuka moja, ukapanda moja. Safi kabisa. Nani kaipata?"

"Mimi."

"Hongera, mama. Hongera sana."

Miaka ishirini na sita nililisubiri neno hilo kutoka kwake, na nilipolipata sikulitaka.

Alirudia kusoma, akitabasamu peke yake. Kisha tabasamu likapungua, akainua kichwa.

"Lakini hii inavunja kazi ya mtu."

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Ya mwalimu wangu."

"Aliifanya muda mrefu?"

"Miaka kumi na tisa."

"Lo! Maskini." Alivua miwani, akaishika bila kuifuta. "Umeshamwambia?"

"Nimemwambia."

"Alipokeaje?"

Nilizinyoosha kingo za karatasi mapajani mwake. Nadhani alikielewa vibaya kimya changu, kwa sababu aliinama mbele, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yu hai?"

"Yu hai, Mwalimu."

"Na sasa hivi yuko na nani?"

Cherehani ilikuwa inakwenda upande wa pili wa ukuta. Nikasema, "Hayuko na mtu."

"Sasa wewe unafanya nini hapa kwangu?" Alikasirika. Ilikuwa hasira yake halisi, niliifahamu vizuri, ile ya ubaoni. "Mtu aliyepata habari kama hii haachwi peke yake! Chukua vitu vyako, nenda ukakae naye. Na usimweleze hesabu tena, ameshasikia. Kaa naye tu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nenda!"

Nilikusanya karatasi zangu, nikazirudisha begini, nikatoka nikavuta mlango nyuma yangu. Fundi alisimamisha cherehani akanitazama, maana saa tatu na nusu ilikuwa haijafika. Niliweka begi sakafuni karibu na rundo la vitambaa, nikafuta uso kwa kiganja, nikasimama pale nikihesabu pumzi zangu mpaka nikaona muda umetosha.

Kisha nikarudi mlangoni kwake, nikapiga hodi.

"Karibu, mama," akasema.

Nikaingia mikono mitupu, nikavuta kiti kile kingine hadi dirishani, nikakaa naye mpaka jioni.